Kifaa Kimekufa au Draiva Imekosekana? Kutafuta Chanzo Kabla ya Kusakinisha Upya

Kompyuta ya nyumbani inapopoteza sauti, mtandao au printa, wenye nayo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hupakua programu inayojigamba kwamba itatengeneza draiva zote kwa mbofyo mmoja, ama huibeba mashine hadi kwa fundi wa Wandegeya jijini Kampala au wa mji wao, ambaye hupiga Windows upya, yaani huisakinisha tena tangu mwanzo, na kuirudisha mashine jioni. Njia zote mbili huweza kufaulu, lakini hufaulu kwa kubahatisha, na zisipofaulu humwacha mtu pale pale alipokuwa, akiwa amepungukiwa na data, fedha na pengine faili zake.

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa fulani, kiwe kadi ya Wi-Fi, spika, kamera au printa. Draiva ikikosekana, kifaa kizima huonekana kibovu. Na kifaa kilichoungua humfanya mtu akeshe akitafuta draiva isiyoweza kumfaa. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kujua kama mashine inakiona kifaa chenyewe, na kama inakiona, inalalamikia nini. Kusakinisha upya hufuata baadaye, na mara nyingine hakuhitajiki kabisa. Hatua zinazoelezwa hapa ni za Windows 10 na Windows 11. Ingawa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, draiva zilizomo kwenye mashine haziachi kufanya kazi kwa sababu ya tarehe hiyo, na yeyote anayekuambia kwamba sauti yako imepotea kwa kuwa Windows 10 imeisha anakuuzia kitu.

Mashine yenyewe inasema nini

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha uchague Device Manager. Utaona orodha ya vifaa vyote ambavyo mfumo unavitambua, vikiwa vimepangwa kwa makundi. Kifaa kisicho na alama yoyote kiko salama kwa maoni ya Windows. Chenye pembetatu ya njano kina tatizo. Chenye mshale mdogo unaoelekea chini kimezimwa tu. Bofya mara mbili juu ya kifaa kinachokusumbua na usome maelezo ya Device status, kwa sababu humo huandikwa namba ya kosa, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia uelekee wapi.

Namba 28 maana yake ni kwamba kifaa kinaonekana lakini hakina draiva kabisa. Hili ndilo kosa jepesi kuliko yote. Namba 22 maana yake kuna mtu, au programu, aliyekizima kifaa hicho, na dawa yake ni kukibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua Enable device. Namba 39 huashiria kwamba draiva ipo lakini imeharibika au imezuiwa isipakiwe, na hapo kusakinisha upya ndiyo njia yenyewe. Namba 52 inahusu sahihi ya kidijitali ya draiva, yaani uthibitisho wa aliyeitoa, nayo nitairudia mbele. Namba 45 husema kwamba kifaa hakijaunganishwa kwa sasa, na kwa kawaida haihitaji jambo lolote.

Zinazoleta ubishi ni namba 10 na namba 43. Namba 10 husema kifaa kimeshindwa kuanza, na namba 43 husema kifaa kimetoa taarifa ya hitilafu hadi Windows ikakisimamisha. Zote mbili huweza kutokana na draiva isiyofaa, na zote mbili huweza kutokana na kifaa kinachokufa. Ushauri wangu ni huu: sakinisha draiva sahihi mara moja, kwa utaratibu kamili, na kama namba ile ile imerudi, acha kupoteza data kwenye draiva na uanze kukishuku kifaa, waya wake au tundu lake la USB.

Mara nyingi baada ya Windows kupigwa upya utakuta pia kundi linaloitwa Other devices, lenye majina yasiyomwambia mtu wa kawaida chochote. Network Controller ni kadi ya mtandao. SM Bus Controller huhitaji draiva ya chipseti, yaani chipu za bodi kuu zinazounganisha vifaa vingine. PCI Simple Communications Controller kwa kawaida ni kiolesura cha usimamizi cha Intel, na Base System Device kwenye laptopu za zamani mara nyingi ni kisomaji cha kadi za kumbukumbu. Halafu kuna Unknown device, ambayo huwatia watu wasiwasi bure. Kwenye laptopu nyingi za Dell Latitude zinazouzwa zikiwa zimetumika, kifaa hicho kisichojulikana kina kitambulisho cha SMO8800, nacho ni kihisio kinachotambua kwamba laptopu inaanguka ili diski ya kuzunguka isimamishwe kabla ya kugonga chini. Kama fundi alishakuwekea SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, pembetatu hiyo ya njano inaweza kubaki hapo miaka yote bila kukudhuru.

Kifaa hakionekani kabisa

Hali hii ni tofauti na ya pembetatu ya njano, na watu huichanganya nayo. Kadi ya mtandao isipoonekana kwenye kundi lake wala kwenye Other devices, Windows haina habari kwamba kifaa hicho kipo, na hakuna draiva duniani itakayokileta. Kwanza bofya Action kisha Scan for hardware changes, na kwenye View uchague Show hidden devices. Kama hakijajitokeza, zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili mabaki ya umeme yaishe. Hatua hii huonekana kama kupiga ramli, lakini kadi za Wi-Fi na kamera za laptopu hurudi kwa njia hii mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia.

Baada ya hapo ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayoanza kabla ya Windows, wakati mashine inawaka, kwa F2 kwenye Dell nyingi, F10 kwenye HP nyingi, na F1 kwenye ThinkPad. Laptopu nyingi tunazonunua zilikuwa mali ya kampuni za nje, na baadhi ya kampuni hizo huzima kamera, maikrofoni au Bluetooth humo humo ndani ya BIOS kwa ajili ya usalama wao. Kifaa kilichozimwa kwenye BIOS hakionekani na Windows hata uipige upya mara ngapi. Kama BIOS ina nenosiri la mwenye mashine wa kwanza, mrudishie muuzaji tatizo hilo mapema, maana si la draiva.

Radi nayo haisahauliki. Ukanda wa kuzunguka Ziwa Victoria hupata ngurumo na radi nyingi, na tundu la waya wa mtandao huungua mara nyingi kuliko sehemu nyingine kwa kuwa msukumo wa umeme huingia kupitia waya wa ruta, hata kama kompyuta yenyewe ilikuwa imechomolewa ukutani. Tundu likiungua, taa zake ndogo hazitawaka, na kifaa chake huenda kikatoweka kwenye orodha au kikabaki na namba 10. Adapta ya USB ya kuunganishia waya wa mtandao itakurudisha kazini bila kugusa bodi kuu.

Njia ya uhakika ya kuamua kama kosa ni la kifaa au la Windows ni kuiwasha kompyuta kwa Ubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux, iliyowekwa kwenye flashi, ukichagua kuijaribu bila kuisakinisha. Linux hubeba draiva nyingi ndani ya kiini chake. Wi-Fi, sauti au padi ya kugusa ikifanya kazi humo, kifaa ni kizima na tatizo liko upande wa Windows. Isipofanya kazi, dalili inaelekea kwenye kifaa, isipokuwa kwa baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom ambazo Ubuntu nayo huhitaji kuongezewa draiva yake.

Wi-Fi imetoweka baada ya kupiga Windows upya

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na ugumu wake unaeleweka: draiva ya mtandao iko mtandaoni, na mtandao hauingiliki bila draiva.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba Wi-Fi haijazimwa kwa swichi. Dell Latitude za zamani na ThinkPad za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, na HP nyingi zina kitufe chenye taa ambayo hugeuka rangi ya chungwa redio inapozimwa. Hapo hakuna draiva ya kutafuta.

Kama kweli draiva haipo, chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa USB tethering. Windows 10 na 11 zina draiva ya njia hiyo tangu zinapotoka kiwandani, hivyo kompyuta itapata mtandao kana kwamba imeunganishwa kwa waya. Kizuri zaidi ni kwamba simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya jirani, itaipitishia kompyuta mtandao huo huo bila kula bandeli yako. iPhone haifai sana kwa kazi hii kwenye Windows mpya kabisa, kwa kuwa kompyuta huhitaji kwanza programu ya Apple.

Ukishaunganishwa, fungua Settings, uingie Windows Update, Advanced options, kisha Optional updates (kwenye Windows 10, Optional updates iko kwenye ukurasa wa Windows Update wenyewe). Draiva nyingi zinazokosekana hukaa hapo zikisubiri mtu azichague, na kwa laptopu za kawaida za HP, Dell na Lenovo hapo ndipo safari inapoishia.

Wenye kutumia bandeli wakumbuke jambo moja. Mtu mwangalifu huuwekea mtandao wa simu alama ya Metered connection ili Windows isimalize data kwa masasisho makubwa, na hilo ni jambo jema. Lakini mtandao ukiwa na alama hiyo, Windows kwa kawaida haipakui draiva pia. Utachomeka printa au kipanya kipya, usubiri, na hakuna kitakachotokea wala hakuna ujumbe wa kosa utakaokueleza sababu. Ruhusa yake iko kwenye Settings, sehemu ya Bluetooth na vifaa, ambapo kuna swichi ya kuruhusu draiva zipakuliwe hata kwenye mtandao wa aina hiyo. Iwashe kwa muda wa kazi, kisha uizime.

Windows Update isipopata kitu, kitambulisho cha kifaa kitakuongoza. Kwenye Device Manager bofya mara mbili kifaa chenye pembetatu, nenda kwenye Details, na kwenye Property uchague Hardware Ids. Utaona mstari kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Sehemu ya VEN humtaja aliyetengeneza chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10DE ni NVIDIA na 1002 ni AMD. Sehemu ya DEV hutaja chipu yenyewe. Katika mfano huo ni kadi ya waya ya Realtek, ilhali VEN_8086 pamoja na DEV_24F3 ni kadi ya Wi-Fi ya Intel 8260. Nakili mstari huo na uutafute kwenye Microsoft Update Catalog, ambako draiva hutolewa bure na zikiwa na sahihi, au tumia jina ulilolipata kutafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kitambulisho hakidanganyi, tofauti na kibandiko cha chini ya laptopu ambacho huenda kinataja kadi iliyokwisha kubadilishwa.

Kuhusu programu zinazosasisha draiva zote kwa pamoja, na zile DVD na flashi zenye maelfu ya draiva zinazozunguka kwa mafundi, siwezi kuzipendekeza. Baadhi hufanya kazi. Lakini nyingi huja na matangazo na programu zisizoombwa, huchagua draiva inayokaribiana tu na yako, na hubadilisha hata zile ambazo hazikuwa na tatizo, hivyo kosa moja la Wi-Fi linageuka kuwa makosa matatu ya sauti, skrini na padi ya kugusa.

Skrini yenye herufi kubwa, picha nzito au rangi ya buluu

Kila kitu kikionekana kikubwa na kisicho safi, video zikikatikakatika, mwangaza ukikataa kurekebishwa na skrini ya nje ikikataa kutambuliwa, fungua kundi la Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, ujue Windows inatumia draiva ya dharura kwa sababu haijapata ile ya kadi yako. Kwa laptopu anza na draiva ya aliyeitengeneza laptopu, hata kama ni ya zamani kidogo kuliko ile ya Intel au AMD, maana imejaribiwa na skrini na vitufe vya mashine hiyo. Laptopu yenye kadi mbili, kwa mfano Intel na NVIDIA, iwekewe ya Intel kwanza. Jiandae kwa ukubwa wa faili pia, kwa kuwa kifurushi cha NVIDIA hupita megabaiti 500 na si cha kupakuliwa kwa bandeli ya siku.

Skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE huja na jina la faili, nalo lina thamani: nvlddmkm.sys ni ya NVIDIA, igdkmd64.sys ni ya Intel, na atikmpag.sys ni ya AMD. Kama ilianza mara tu baada ya sasisho, tumia Roll Back Driver kwenye kichupo cha Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna toleo la awali lililohifadhiwa. Mashine ikishindwa hata kufika kwenye dawati, shikilia Shift huku ukibofya Restart kwenye skrini ya kuingilia, pitia Troubleshoot, Advanced options na Startup Settings, uwashe upya na ubonyeze 4 ili uingie Safe Mode, ambamo draiva za msingi pekee hupakiwa. Skrini ikiganda tu bila buluu, jaribu kwanza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Mbofyo huo huianzisha upya draiva ya skrini bila kufunga kazi yako.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu kitu. Angalia nembo ya mtengenezaji inayotokea kabla Windows haijaanza. Kama mistari, madoa au mtetemo upo tayari wakati huo, draiva haihusiki, kwa kuwa bado haijapakiwa. Shuku waya, skrini au kadi yenyewe. Na buluu inayotokea tu baada ya mashine kupata joto, hasa katika miji yenye vumbi wakati wa kiangazi, mara nyingi hutibiwa kwa kusafisha feni kuliko kwa draiva yoyote.

Sauti, kamera na padi ya kugusa

Sauti ikipotea wakati Device Manager haina lalamiko lolote, bofya alama ya spika na uangalie inapelekwa wapi. Kompyuta iliyowahi kuunganishwa na televisheni kwa HDMI wakati mwingine huendelea kuipeleka huko. Kamera yenye picha nyeusi tupu huwa na kifuniko kidogo kilichosukumwa, au ruhusa iliyozimwa kwenye Privacy. Padi ya kugusa iliyokufa baada ya kupiga Windows upya, ikiwa na namba 10 kwenye I2C HID Device, kwa kawaida haihitaji draiva ya padi bali ile ya Intel Serial IO, iliyo sehemu ya chipseti. Hadi hapo tumia kipanya cha USB.

Printa

Printa huwa na makosa mawili yanayofanana kwa dalili. La kwanza ni foleni iliyokwama: kazi moja imeharibika, na nyingine zote zinasubiri nyuma yake hata baada ya kuwasha upya. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi, andika net stop spooler, futa faili zilizomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha uandike net start spooler. Usiifute folda yenyewe.

La pili ni draiva isiyo yake au iliyoharibika. Kuiondoa printa kwenye Settings hakuiondoi draiva yake, na ndiyo maana watu huisakinisha tena na kupata kosa lile lile. Iondoe printa kwanza, chomoa waya, kisha ubonyeze Windows na R na uandike printui /s /t2. Dirisha litakalofunguka lina orodha ya draiva za printa. Chagua yako na uiondoe pamoja na kifurushi chake. Baada ya hapo sakinisha programu ya mtengenezaji, na usichomeke waya mpaka yenyewe ikuombe, kwa sababu printa nyingi za nyumbani zikichomekwa mapema hupewa draiva ya jumla ambayo huchapa lakini haiskani. Ukishapata faili ya kusakinishia inayofanya kazi, itunze. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza mpango wa kuacha, hatua kwa hatua, kusambaza draiva za printa za watengenezaji wengine kupitia Windows Update, na printa ya zamani huenda isipate draiva yake kwa njia hiyo siku zijazo.

Kusakinisha upya kwa utaratibu

Ikiwa dalili zote zimekuleta kwenye draiva, tafuta kwanza modeli kamili ya mashine kwa kuandika msinfo32 kwenye Windows na R. Angalia humo pia System Type, kwa kuwa draiva ya biti 32 haiwezi kutumika kwenye Windows ya biti 64. Pakua draiva mpya kabla ya kuiondoa ya zamani, hasa kama ni ya mtandao. Tengeneza sehemu ya kurejea kwa System Restore.

Kisha kata mtandao. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayoharibu kazi: Windows ikiwa mtandaoni, mara tu unapoiondoa draiva huweza kuileta ile ile iliyokuwa ikikusumbua kabla hujafungua faili yako. Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall device, na utie alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva pia. Bila alama hiyo unaondoa kifaa kwenye orodha tu, na draiva hubaki kwenye hifadhi ya Windows ikisubiri kurudi. Washa upya mashine kwa Restart. Shut down haitoshi, maana Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows huhifadhi kiini chake pamoja na draiva kwenye diski na kuvirudisha kama vilivyokuwa, ilhali Restart huanza upya kikamilifu.

Kama unasakinisha draiva zote baada ya Windows mpya, anza na chipseti, kwa kuwa vifaa vingine hupitia humo, kisha skrini, mtandao, sauti, na vilivyobaki. BIOS isisasishwe siku ambayo umeme unakatikakatika. Draiva iliyokatika njiani husakinishwa tena, lakini BIOS iliyokatika njiani huweza kuiua bodi kuu.

Draiva inapokataliwa

Windows ikikataa draiva kwa sababu ya sahihi yake, yaani namba 52, au tovuti zote za watengenezaji zikikataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, tazama saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya bodi kuu ikiisha, ambayo kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na vyeti vya tovuti huonekana kama havijaanza kutumika. Badilisha betri, rekebisha saa, na ujaribu tena.

Saa ikiwa sahihi, huenda draiva ni ya zamani mno. Windows 11 ina ulinzi unaoitwa Memory integrity, chini ya Core isolation kwenye Windows Security, ambao huzuia draiva za zamani zenye udhaifu, na kifaa kikaonyesha namba 39. Ulinzi huo unaweza kuzimwa, nami sipendekezi uzimwe kwa ajili ya skana ya miaka kumi na tano iliyopita. Tafuta draiva mpya zaidi, au kiachie kifaa hicho kompyuta nyingine ambayo haiingii mtandaoni.

Kila kitu kikishafanya kazi, chomeka flashi, tuseme imepewa herufi D, tengeneza folda iitwayo draiva, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike pnputil /export-driver * D:\draiva. Draiva zote zisizo za Microsoft zitanakiliwa humo. Siku Windows itakapopigwa upya kwenye mashine hiyo hiyo, kwako au kwa fundi, amri ya pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install itazirudisha zote bila kutumia hata megabaiti moja ya data.